Mkono wa Mama Wivine

Shaba hugongwa kwa nyuma ili sura ichomoze mbele. Émerance alikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi hiyo, tangu aponyoke ngumi za mumewe, lakini mkono huu wa shaba, ulioshika kitasa cha mlango, aliugonga bila kusita hata mara moja.

Maonyesho yalikuwa kesho. Honorine, fundi aliyemfundisha yeye na wanawake wenzake, aliwahi kuwaonyesha kwenye simu wanawake wa nchi za mbali wakishona vitambaa vyenye majina ya waliouawa na waume zao. "Nanyi semeni yenu," akawaambia. Wenzake wakagonga nyuso zilizovimba. Ah, uso huo Émerance alikuwa ameuchoka! Yeye aligonga shukrani yake: mkono wa jirani aliyemfungulia.

Hata hivyo, hakutaka kuutoa mbele za watu bila idhini ya mwenyewe. Jumapili hiyo, baada ya misa, akalibeba bamba la shaba mpaka mtaa wake wa zamani, Hewa Bora, kwa Mama Wivine.

Mama Wivine alilitazama, kisha akaketi taratibu.

"Mutoto yangu, hii usiionyeshe."

"Iko mubaya, Mama?"

"Iko muzuri sana. Ndiyo maana." Akajifuta macho kwa pindo la kitenge. "Ile siku nilikufungulia haikuwa ya kwanza kukusikia. Ulishalia mara mbili. Mara mbili nilipandisha sauti ya redio."

Émerance aliukumbuka muziki ule. Mwaka mzima alikuwa akijipa moyo kwamba ndio uliomziba jirani masikio. Hasira ikampanda. Akalikwapua bamba, akaenda mpaka mlangoni, na hapo akakwama. Ni hapa mwanamke huyu alipomvuta ndani, akasimama peku kati yake na ngumi zile, akapigwa yeye. Hilo nalo lilikuwa kweli, wala halikufutika.

"Bila wewe ningekufa," akasema bila kugeuka.

"Basi kama utaionyesha, ugonge na redio kando ya mukono."

"Watu watauliza redio ni ya nini."

"Baulize. Nitasimama pale pembeni. Nitabajibu miye mwenyewe."

Émerance akarudi, akapiga magoti, akaushika ule mkono wa jirani yake kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, Mama," akasema, huku bado amemkasirikia.