Umati wa Toleo la Tisa

Jumamosi saa tisa alasiri Fundi alichomoa pasi ya kuchomelea kwenye umeme, akafuta meza kwa spiriti, akaweka beseni la maji na kipande cha sabuni mlangoni. Redio za wateja alizisogeza ukutani, zilizopona huku, mahututi kule. Kila aliyeingia alinawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akaonyesha viganja juu na chini. Hapo ndipo Fundi alipofungua televisheni kubwa ya mbao ambayo mashine zake alishazing'oa zamani, akatoa tumboni mwake matoleo ya katuni ya Nguzo, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Kinyozi alikuwa haruhusiwi kushika.

"Nywele za watu zinakudondoka hata ukikaa," Fundi alimwambia. "Wewe tazama kwa macho."

"Kwani wenzangu wanatazama kwa magoti?"

Nguzo alikuwa jamaa wa joho jekundu, kifua kama mlango wa benki, kazi yake kushikilia vitu visianguke. Madaraja, maghorofa, treni. Alichapwa miaka arobaini nyuma kwenye karatasi rahisi ambayo sasa ilikuwa rangi ya chai. Mashabiki wa kudumu walikuwa wanne: Fundi, Kinyozi, Mzee Chapa ambaye ndiye aliyeendesha mashine iliyochapa katuni zenyewe, na Nesi, dada mkubwa wa Fundi, tumbo moja.

Siku zote walibishana yaleyale. Kinyozi alisema hadithi ndiyo mtu, mchoro ni nguo tu.

"Toleo la sita Nguzo anachelewa. Ghorofa linaanguka. Anakaa kwenye kifusi kurasa mbili nzima, hasemi kitu. Nani mwingine alithubutu kuandika hivyo?"

"Kuandika nini, na maneno hayapo?" Nesi alimjibu. "Ule mgongo ndio unaosema. Mtu kachora mgongo mpaka unataka kuupa pole. Hadithi yako iko wapi hapo, baba?"

"Mgongo bila ghorofa ni mgongo tu. Mimi kutwa nzima nawaona wateja migongo."

Halafu lilikuja la toleo la ishirini na tatu, maana hapo mkono ulibadilika. Mchoraji wa kwanza alichora viganja mpaka mishipa. Wa pili viganja vilimshinda, akawa anawaficha watu mikono: mifukoni, nyuma ya ukuta, ndani ya vumbi. Walipomuuliza Mzee Chapa yule wa kwanza alikwenda wapi, alijibu, "Alihama," kisha akaomba maji ya kunywa.

Mwaka huo umati wa toleo la tisa ulikuwa unaongezeka.

Ukurasa wa kumi na nne Nguzo ameinua daraja begani, chini watu wamesimama wanatazama. Fundi aliujua umati ule tangu utotoni. Walikuwa kumi na tisa. Wa ishirini alikuwa muuza mkaa wa kona ya pili. Jumanne alichukuliwa na gari jeupe lisilo na namba, na Ijumaa alikuwa amesimama nyuma ya mwanamke mwenye kapu, amechapwa miaka arobaini iliyopita, na malapa yake. Akafuata mwalimu wa hesabu. Wakafuata ndugu wawili madereva wa lori, wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Mke wa mwalimu alikuja mara mbili. Alinawa, akatazama, akasema, "Amekonda," akaenda zake. Mtaani hakuna aliyeuliza gari ni la nani. Likipita, watu waliinama kufunga kamba za viatu, hata wenye malapa.

Kila mtu alijua utaratibu wake. Kwanza inakuja penseli. Baada ya siku tatu nne, wino. Rangi ikishaingia, gari limeshapita.

Jumamosi hiyo Nesi alichelewa, akaja na sare ya kazi na mkoba ameukumbatia kifuani. Alinawa mara mbili. Fundi alipofungua ukurasa wa kumi na nne, pembeni ya mwanaume mwenye baiskeli alisimama mwanamke wa penseli.

"Mimi huyo," Nesi alisema.

"Ni wewe," Mzee Chapa akakubali. "Pua ni hiyohiyo."

Kinyozi alisogeza uso mpaka Fundi akamsukuma. "Tazama mkono wake lakini. Kila kidole na kiungo chake. Huyu ni yule wa kwanza, apige asipige wino."

"Kivuli cha shingo sijakipenda," Mzee Chapa alisema. "Mwanga unatoka darajani, kivuli kingeangukia huku."

"Mwanga unatoka kwa Nguzo, mzee. Siku zote unatoka kwa Nguzo."

Walibishana habari ya kivuli kwa muda mrefu. Nesi alikaa kwenye stuli yake, mkoba bado kifuani.

"Umefanya nini, dada?" Fundi aliuliza.

"Wameleta kijana wodini, keshakufa. Wakaniambia niandike ameanguka ngazi. Nimeandika nilichokiona."

"Si ungeandika ngazi tu?"

"Kule walikomtoa hakuna ngazi. Ni nyumba ya chini."

Nje mtu alipita anapiga mluzi, na wote wanne wakasubiri mpaka amalize kupita.

Mzee Chapa ndiye aliyesema. Kofia aliivua, akawa anaizungusha mapajani.

"Penseli inafutika. Pale kiwandani yule mchoraji alikuwa anafuta watu kutwa nzima. Umati ukimzidi, anapunguza." Akaacha kuizungusha kofia. "Hakuhama yule. Walikuja watu wawili saa ya chakula, wakatoka naye, na penseli yake mfukoni. Sisi tulikuwa kumi na wanne kwenye mashine. Mashine hatukuzizima. Jumatatu akaletwa mwingine."

"Miaka yote unatuambia alihama?" Kinyozi aliuliza.

"Nilitaka niseme nini, kijana? Nina shingo moja."

Nesi alikuwa ameshafungua mkoba. Akatoa raba ya shule, ya waridi, ngumu, imeliwa kona. Akaiweka mezani.

"Nifute," alimwambia mdogo wake.

Fundi aliitazama raba ile. Akautazama ukurasa. Ilikuwa nakala pekee aliyowahi kuiona ambayo pini zake hazijashika kutu, kona zote nne nzima. Nesi ndiye aliyempa. Fundi alikuwa na miaka sita, anaumwa surua, na dada yake alikaa kitandani akimfundisha herufi kwa maneno ya Nguzo, kidole chini ya kila neno.

"Sio kwa hii, dada. Karatasi ya miaka arobaini hii. Raba hii itaichana."

"Ichanike."

"Rangi ya baiskeli itatoka. Na Nguzo yuko upande wa pili wa ukurasa, kifua kitaonekana huku. Kuna raba laini za wachoraji, ukisugua hazigusi kitu kingine. Jumatatu nazitafuta. Penseli ina siku tatu nne, si tunajua? Tunao muda."

"Fundi yuko sahihi," Kinyozi alisema, lakini alisema akiwa anaangalia sakafu. "Ukifuta vibaya unabakisha alama. Bora kufuta mara moja, vizuri."

Nesi alinyoosha mkono aufikie ukurasa mwenyewe. Fundi aliuvuta. Aliuvuta haraka, kama mtu anavyovuta sufuria mtoto asiiguse, akaurudisha kwenye mfuko wa nailoni, akakunja mdomo wa mfuko mara mbili.

"Jumatatu," alisema. "Nakuapia."

Nesi alirudisha raba mkobani. "Haya," alisema. "Mikono umenawa lakini?" Akacheka kidogo, peke yake.

Jumatatu Fundi alifunga karakana akazunguka maduka ya vifaa vya shule. La kwanza walikuwa na raba za waridi. La pili walikuwa na raba zenye umbo la gari. La tatu mwenye duka alijua anachozungumzia, akasema mzigo unaingia kesho. Jumanne mzigo ukaingia jioni, raba ya kijivu, laini kama unga uliokandwa, ndani ya boksi lake. Fundi hakufuta jioni ile kwa sababu taa ya karakana ilikuwa hafifu, na kazi kama ile inataka mwanga wa asubuhi.

Jumatano asubuhi alinawa, akakausha vidole kimoja kimoja, akafungua ukurasa wa kumi na nne. Wino ulikuwa umeshapigwa. Mstari safi, mnene kwenye bega, mwembamba kwenye shavu, hakuna mahali ulipositasita.

Alisugua hata hivyo. Alisugua mpaka saa sita. Raba ya kijivu iliondoa vumbi la miaka arobaini kuzunguka mwili wa dada yake, akabaki amesimama kwenye weupe, anaonekana zaidi kuliko watu wote.

Alimkimbilia hospitali, akamkuta anapima watu presha. Alimwambia aondoke mjini. Nesi alisema zamu inaisha saa kumi, hawezi kuwaacha wagonjwa kumi na tano na mwanafunzi mmoja. Saa kumi gari jeupe lilikuwa limeegeshwa getini, limezuia gari la wagonjwa. Wauguzi waliokuwa wanasukuma kitanda waliendelea kusukuma. Fundi alikuwa hatua ishirini, upande wa pili wa barabara. Aliinama. Alikuwa amevaa viatu visivyo na kamba.

Alhamisi, kwenye ukurasa wa kumi na nne, sare ya Nesi ikawa nyeupe na ya bluu.

Ijumaa aliingia mtu karakanani, shati limepigwa pasi, saa nzuri. Aliliona beseni kando ya mlango, akanawa bila kuambiwa, mpaka kwenye viwiko. Akaomba toleo la tisa. Fundi alimpa. Mtu yule aliligeuza kwa ncha za vidole, kama anayejua, akasimama kwenye ukurasa wa kumi na nne.

"Hapa pamesuguliwa."

"Vumbi," Fundi alisema.

"Vumbi liache. Ukilitoa unapunguza thamani ya kitu." Akafunga toleo taratibu. "Mnakutana siku gani?"

"Jumamosi."

"Nitakuja. Mimi nawachanganya wenzangu kazini na habari za Nguzo, hawaelewi kitu."

Jumamosi alikuja, akakalia stuli ya Nesi. Alijua mambo. Alisema kosa la Kinyozi ni kutenganisha hadithi na mchoro. Alisema toleo la sita linauma kwa sababu visanduku vinapungua kila ukurasa mpaka kinabaki kimoja, na macho hayana pa kukimbilia. Kinyozi alisema ni kweli, hajawahi kuliona hilo. Mzee Chapa alisema ni kweli. Mtu wa shati alikuja Jumamosi iliyofuata pia, na iliyofuata, na hakuna aliyekosa, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa ndiye aliyekosa.

Jumamosi ya tano, nyuma ya Nesi kulikuwa na penseli kidogo. Sikio. Sikio peke yake, limepasuka pembe ya juu, bado halina mtu.

Kinyozi alijishika masikio. Mzee Chapa alivuta kofia mpaka chini. Fundi alijitazama kwenye kioo cha televisheni, upande huu, upande ule. Hakuna lililopasuka. Wote watatu walishusha pumzi kwa pamoja, na mtu wa shati akatabasamu, akasema mstari wa sikio ni mzuri, sikio ni kitu kigumu sana kuchora.

Mlango ukabishwa. Aliingia muuza magodoro wa barabara ya sokoni, mtu mnene wa utani, amebeba redio kifuani. Aliiweka mezani akageuka kumsalimia Mzee Chapa, "Shikamoo, mzee wangu," na sikio lake la kushoto likaja upande wa mwanga. Pembe ya juu ilikuwa imepasuka, ya zamani, imepona.

"Marahaba," Mzee Chapa alisema.

Raba ya kijivu ilikuwa kwenye droo, karibu na goti la Fundi. Mtu wa shati alikuwa anamwangalia Fundi kwa adabu, kama anayesubiri zamu yake ya kuongea.

"Inakoroma tu," muuza magodoro alisema. "Stesheni zote inakoroma. Bila redio dukani nitaongea na magodoro."

Fundi aliigeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma, akapuliza.

"Siku tatu nne hivi. Njoo Jumatano," alisema.

"Jumatano kweli? Nyie mafundi nawajua."

"Jumatano."

"Haya, nitakuwa hapa asubuhi mapema. Usije ukanizungusha."

"Sikuzungushi," Fundi alisema, akaandika siku kwenye utepe, akaubandika kwenye redio.