Madume Wawili wa Bwana Gfeller

Bwana Gfeller alichelewa kufungua mlango, na alipoufungua alitumia mkono wa kushoto. Hedi Liechti aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote, ila hakulisema. Alifuta viatu, akaweka chini mfuko wake wa vifaa, akauliza wanyama wanaendeleaje.

"Wazima," alisema Bwana Gfeller. "Mmoja yuko sebuleni. Mwingine yuko bafuni, ndani ya hodhi la kuogea."

"Ndani ya hodhi anafanya nini?"

"Anakaa."

"Na wewe unaogea wapi?"

Mzee alifikiri kidogo. "Tangu Ijumaa sijaoga," alisema. "Sikutegemea wageni."

Ilikuwa Jumatano.

Hedi alikuwa na miaka sitini na mmoja. Asubuhi alisafisha mabehewa ya treni kwenye karakana ya mji wa Burgdorf. Mchana alirudi kwenye banda lake la nyuma ya nyumba, alikofuga simbilisi, wale wanyama wadogo wa duara wasio na mkia, wanaopiga mluzi wakisikia mfuko wa mboga ukifunguliwa. Huku kwetu sheria haimruhusu mtu kufuga simbilisi mmoja peke yake. Kwa hiyo mmoja akifa, mwenye mali humpigia Hedi simu, naye humletea aliyebaki mwenzake wa kuazima, hadi siku huyo naye atakapokufa, ndipo Hedi anakuja kumchukua wake. Kijijini walimwita mshenga. Wachache walimwita hivyo kwa heshima.

Wiki mbili nyuma alikuwa amemletea Bwana Gfeller dume mwenye mstari mweupe usoni, jina lake Bläss, akae na Moritz, dume aliyeachwa na marehemu Elsbeth, mke wa Bwana Gfeller, ambaye mwenzake alikuwa amekufa. Madume wawili wanaweza kuishi pamoja miaka na miaka, wakipatana. "Huyu mpole kama mkate wa maziwa," Hedi alikuwa amesema siku ile, akiwa bado mlangoni. Leo alikuwa amekuja kuwakagua.

Sasa alipiga magoti sebuleni, akatandika taulo mapajani na kumpakata Moritz. Moritz hakupiga mluzi. Hedi alipitisha kidole kinyume cha manyoya, polepole, kama alivyozoea kupapasa chini ya viti vya treni mahali ambapo macho hayafiki. Karibu na kiuno, upande wa kushoto, alikuta uvimbe wa moto, mkubwa kama zabibu, na juu yake vidonda viwili vidogo vilivyokaa sambamba. Alipougusa, Moritz alisaga meno.

Aliomba maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Hilo Bwana Gfeller hakuhitaji kuelezwa. Miaka arobaini alifanya kazi kwenye ghala la jibini, akigeuza mabonge ya jibini ya duara kama magurudumu kila asubuhi na kuyafuta kwa maji ya chumvi, na hata sasa, miaka mingi baada ya kustaafu, alichanganya bila kupima. Alileta bakuli kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa sweta.

Hedi alikata manyoya kwa mkasi mdogo, akaosha kidonda, akaona kwamba usaha umeingia ndani na kisu cha daktari hakikwepeki. Kisha akaenda bafuni. Bläss alikuwa na mdomo uliochanika kidogo, umeshakauka. Zaidi ya hapo alikuwa mnene, msafi, amejaa afya tele. Ndani ya hodhi kulikuwa na nyasi kavu, boksi la kujifichia, na karoti iliyokatwa vipande vyembamba kwa kisu kilichoshikwa vibaya.

Mzee alieleza yaliyotokea. Siku za kwanza walizungukana tu, wakitikisa viuno na kunguruma kama vijipikipiki, naye akawaacha, maana Hedi alikuwa amemwambia ndivyo madume wanavyojuana. Ijumaa mambo yakabadilika. Manyoya ya shingoni yalisimama, vichwa vikainuliwa, kila mmoja akawa anampigia miayo mwenzake ili amwonyeshe meno, halafu meno yenyewe yakaanza kugongana kwa sauti kama ya kijiko kwenye kikombe. Alipogeuka kuweka birika jikoni, nyuma yake palikuwa na mpira mmoja wa manyoya unaobingirika.

"Nikawatenganisha," alisema.

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa nilichokuwa nacho."

"Nionyeshe huo mkono, Bwana Gfeller."

"Nilijikata na kisu cha mkate."

"Basi nionyeshe hicho kisu chenye meno mawili."

Mzee aliutoa mkono. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba na kung'aa kama soseji iliyochemshwa, na kutoka kwenye kiungo chake mstari mwekundu ulikuwa umepanda, ukavuka kifundo cha mkono na kupotea ndani ya mkono wa sweta. Hedi aliuvuta ule mkono wa sweta juu. Mstari ulikuwa haujaisha.

Alimuuliza kwa nini hakupiga simu. Bwana Gfeller alitazama dirishani. Alisema kwamba kama angepiga simu, Hedi angekuja na boksi lake kuchukua mmoja wao. Moritz alikuwa wa Elsbeth. Na yule mhuni wa bafuni, kila asubuhi akisikia ndara zinakuja, alisimama kwa miguu ya nyuma, mikono kwenye ukingo wa boksi lake, akitazama mlangoni.

"Na kosa ni langu," alisema. "Niliwawekea bakuli moja. Mtu mzima na akili zangu, sikuwaza hata kuweka mawili."

Hapo ndipo Hedi alipopaswa kusema. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Bläss alikuwa amerudishwa kwake mara mbili, na sababu ilikuwa ile ile mara zote mbili. Alipompeleka kwa mara ya tatu banda lilikuwa limejaa hadi juu, baridi ya Novemba imeingia, na simu ya Bwana Gfeller ilikuja asubuhi ambayo hakuwa na pa kumweka hata mmoja zaidi. Mkate wa maziwa, alisema. Neno lilimtoka kirahisi, kama salamu.

Aliufunga mdomo. "Vaa koti," alisema. "Tunaenda mjini."

Walikwenda kwa gari dogo la Hedi, mzee mbele, Moritz kwenye boksi mapajani mwake, Bläss nyuma. Hospitali ilimlaza Bwana Gfeller papo hapo na kumtundikia dripu. Daktari, mwanamke kijana asiyependa kuzungusha maneno, alimwambia kwamba angesubiri hadi Jumapili wangekuwa wanazungumzia mkono mzima badala ya kidole. Mtaa wa pili kutoka hapo daktari wa wanyama alipasua jipu la Moritz, akalikamua, akaacha tundu dogo wazi ili Hedi alioshe mara mbili kwa siku.

Alhamisi, saa za kuona wagonjwa, Hedi alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mkoba magotini. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Mikono yake ilinuka sabuni ya treni. Alitoa habari za Moritz, kwamba amekula. Kisha akasema:

"Bwana Gfeller, tatizo halikuwa bakuli."

Mzee alimtazama.

"Bläss alisharudishwa mara mbili. Mara ya kwanza alimng'ata mwenzake sikio. Mara ya pili, mguu. Nilijua. Banda lilikuwa limejaa, nikajidanganya kwamba kwa Moritz labda atatulia, kwa kuwa Moritz ni mzee."

"Na mimi ni mgane," alisema Bwana Gfeller.

"Ndiyo."

"Mgane hakatai kitu."

Ndivyo hasa Hedi alivyokuwa amewaza, karibu kwa maneno hayo hayo. Dripu ilidondoka, ikadondoka tena. Mzee aliitazama kama mtu anayesubiri maziwa yagande.

"Ungeniambia, ningemchukua hivyo hivyo," alisema mwishowe. Hakupandisha sauti. "Sasa nenda, Bibi Liechti. Nataka kulala."

Ilikuwa saa tisa alasiri.

Siku zilizofuata Hedi alifanya kazi zake zote na hakuna aliyemwona tofauti. Alfajiri alikuwa kwenye mabehewa, akiokota magazeti na glovu za watu. Nyumbani aliosha tundu la Moritz asubuhi na jioni, akamlisha uji wa nyasi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, hadi Jumamosi Moritz aliposukuma lile bomba kando na kwenda mwenyewe kwenye majani. Bläss alikaa jikoni, ndani ya boksi kubwa karibu na jiko, maana bandani bado hapakuwa na nafasi. Kila Hedi akiingia, Bläss alisimama kwa miguu ya nyuma. Akishaona ni nani, alishuka.

Hedi alishaamua. Moritz angerudi kwa mzee akishahasiwa, pamoja na jike mmoja mkongwe asiyegombana na mtu. Bläss angebaki jikoni. Alimwandikia Bwana Gfeller barua fupi ya kumweleza hivyo, akaichana, akaandika nyingine.

Kabla hajaituma, Jumatatu mchana, aliona mtu akipanda njia kutoka kituo cha basi, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alikuwa Bwana Gfeller, ambaye hakuwa amewahi kufika pale. Hakusalimia. Alipita moja kwa moja hadi bandani, akasimama katikati, akatazama vizimba vilivyopandana kushoto na kulia hadi kwenye paa, na majina yaliyoandikwa kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi.

"Kweli pamejaa," alisema.

Walipoingia jikoni, Bläss alisimama. Safari hii hakushuka. Bwana Gfeller alichuchumaa kwa shida, akamkunia pua kwa kidole cha mkono mzima, na Hedi alijishughulisha na birika ili asiwatazame.

"Wawili hao," mzee alisema akiwa bado chini, "kuwaweka pamoja tena haiwezekani?"

"Damu ikishatoka, haiwezekani. Wanaweza kuwa jirani, lakini katikati pawe na wavu wa waya. Kila mmoja na bakuli lake, na kibanda chake chenye milango miwili asizibiwe njia. Baadaye wakishahasiwa, nitakuletea jike mmoja kila upande. Ila inataka nafasi. Kila upande, kama kitanda cha mtu mmoja hivi. Nyumba yako ni ndogo."

Bwana Gfeller aliinuka, akishika meza.

"Cha watu wawili ninacho," alisema.

Kesho yake Hedi alifika na wavu, mbao, kisanduku cha spana, na madume wote wawili, kila mmoja kwenye boksi lake. Kitanda kilikuwa cha mti wa mwaloni, kizito, kimekaa pale tangu harusi. Upande wa dirishani godoro lilikuwa limebonyea. Upande wa mlangoni lilikuwa limenyooka, na shuka lake lilikuwa limepigwa pasi. Hedi aliuliza mzee mwenyewe atalala wapi.

"Kwenye kochi. Miaka mitatu nalala nusu ya hiki kitanda. Nusu nyingine kazi yangu ni kuifuta vumbi tu."

Walianza kukifungua upande wa miguuni. Hedi alilegeza nati, mzee akishikilia ubao kwa bega na mkono mmoja, akimwelekeza ingawa hakuhitaji kuelekezwa. Chaga zilitoka moja moja, zikaegemezwa ukutani barazani. Katikati ya kazi, akiwa ameshika ubao wa kichwani peke yake, Bwana Gfeller alisema kwamba wanaomfahamu hawamwiti Bwana, humwita Köbi.

Hedi aliacha spana. Aliifuta mikono yake kwenye sketi kwanza, ndipo akampa mkono, wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa umefungwa. "Hedi," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

Kufikia saa kumi ua la wanyama lilikuwa tayari pale kilipokuwa kitanda, limetandazwa nyasi, wavu umekazwa katikati kutoka ukuta hadi ukuta. Walimtoa Moritz kwanza, na kiraka chake cha ngozi tupu kikianza kuota nywele nyororo. Kisha Bläss upande wa pili. Kwa muda kila mmoja alikula kama mwenzake hayupo. Halafu Bläss aliinua kichwa. Alitembea polepole hadi kwenye waya, na Moritz naye akaja, manyoya ya shingoni yakisimama, hadi pua mbili zikabaki zimeachana upana wa tundu moja la wavu.

Hedi alinyoosha mkono kuchukua taulo. Bwana Gfeller alimgusa kiwiko, asubiri. Wakasimama wote wawili mlangoni, wametega masikio, wakisikiliza kama meno yataanza kugongana.