Ndege Mwenye Kanzu

"Chenga!" Tekla aliuinua mfuko wa mchele uliovunjika aliopewa. "Bwana Yahaya, tulipatana shilingi."

"Shilingi ni za kazi ya mchana. Usiku nani ananunua?" Mwenye duka, kilemba kichwani na kanzu mwilini, alikuwa akiondoa mbao za mlango. Jua la asubuhi la Gongoni, mtaa wa Tabora, likaingia, likamkuta Tekla mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Usiku kucha alikuwa amepepeta mchele ulioshushwa kwenye treni. "Kampikie mtoto wako uji ashibe."

"Ameshiba. Anakohoa kwa baridi. Nataka blanketi."

"Mimi siuzi blanketi. Malizia gunia hilo, wateja wamefika."

Tekla hakulia, wala hakutukana. Aliutoa ungo nje, barazani, mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri, akaketi, akaurusha mchele, akaudaka. Kisha akaanza kuimba.

Wote pale waliijua desturi. Tangu enzi za misafara, mpagazi chini ya mzigo na mwanamke kwenye kinu huimba watakacho, na tajiri husikia kama asikiavyo mvua. Wimbo wa kazi haumtaji mtu. Anayeujibu amejitaja.

"Kuna ndege," Tekla aliimba, sauti yake kavu, iliyonyooka, "anakula shambani kwangu, ananiachia makapi."

"Makapi!" wanawake wakaitikia.

"Ana kilemba, ana kanzu..."

"Na kanzu!"

"Ndege gani huyo wa kuvaa kanzu, shoga?" aliuliza Maua, muuza vitumbua wa mtaa wa Isevya, machozi ya kicheko yakimtoka.

Yahaya alizaliwa Tabora na kukulia humo humo. Nyimbo hizo alizisikia tangu angali mgongoni mwa mama yake. Alikaza meno. Aliupanga upya mzani uliokwisha kupangwa. Ubeti wa tatu ukamshinda.

"Si makapi!" alifoka. "Nimempa chenga! Chenga safi!"

Ungo ukasimama hewani.

"Jamani," Maua akasema taratibu, "ndege kalia mwenyewe!" Baraza zima likaangua kicheko.

Sarafu zenye kichwa cha mfalme wa Waingereza zikatoka mkononi mwa Yahaya, zikagonga meza. Tekla hakuzikimbilia. Alipepeta gunia hadi punje ya mwisho, ndipo akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Leo usiku linakuja behewa jingine," Yahaya alisema bila kumtazama. "Utakuja?"

"Kwa shilingi?"

"Kwa shilingi."

Akashika njia ya duka la mablanketi, hatua zake nzito kwa usingizi. Nyuma yake wanawake waliendelea kuitikia wimbo usio na mwimbaji. Na Yahaya akawapimia mchele, kibaba kikipanda na kushuka kwa mapigo yale yale ya wimbo.