Ukelele wa Mwezi wa Kimya

Miaka mitano tulibishana nani angempiga mwenzake kati ya Odartei na Lankai, na mabingwa wenyewe wakawa wanakwepana kama wake wenza. Hatimaye wakakubali kupambana, tena katika mwezi wa kimya, ule unaotangulia sikukuu ya Homowo, ambapo sisi Waga wa Accra hatupigi ngoma wala kelele. Hapa Bukom, ambako kila nyumba ina bondia wake, tukajua pambano la maisha yetu tutalitazama kwa kunong'ona.

Anayepiga kelele mwezi huo hutozwa kondoo na kuhani wa mji. Mwaka jana Ataa Okai, mzee mpangaji mwenzetu, alishangilia goli tu, nyumba nzima tukamchangia. Basi Awo Dedei, mama mwenye nyumba na mwenye runinga, akapiga marufuku: siku ya pambano Okai asikanyage uani.

Lakini Okai ndiye aliyemfundisha Odartei ngumi ya kushoto, tangu utotoni, kwenye gunia la maranda. Kumnyima pambano lile ilikuwa sawa na kumficha mwanawe. Nilimwonea huruma, ingawa mimi ni mtu wa Lankai na sioni haya kusema.

Akaenda kumbembeleza. "Awo, nitanyamaza."

"Wewe? Hata ukilala unagomba."

"Basi nizibe mdomo."

Akamziba kweli. Jioni ya pambano alimkabidhi donge la kenkey, ule ugali wetu wa mahindi yaliyochachushwa, akamwamuru alishindilie mdomoni na asilimeze mpaka kengele ya mwisho.

Uani tulibishana kwa minong'ono mpaka makoo yakakauka. Nilisema Odartei ana kidevu cha yai, hamalizi raundi nne. Awo Dedei akaniunga mkono. Alikuwa hamtaki Odartei tangu alipomwibia samaki wa kukaanga akiwa mtoto, na wizi ule hakuacha kuusimulia. "Mwizi apigwe tu," alinong'ona. Okai, mashavu yamemvimba, alitutolea macho.

Raundi ya tisa Lankai alimwangusha Odartei chali. Furaha niliyokuwa nayo haisemeki. Refa akaanza kuhesabu na Odartei hatikisiki. Okai machozi yalimtiririka, lakini kenkey ilibaki palepale.

Ndipo ukelele ukapasua mtaa.

"Inuka, mwizi wangu wewe! Inuka, mwanangu! Mpe kushoto!"

Alikuwa Awo Dedei, amesimama juu ya kigoda, kitambaa cha kichwa kimedondoka.

Odartei aliinuka. Sekunde chache baadaye ngumi ya kushoto ikamkuta Lankai kidevuni, na safari hii aliyeshindwa kuinuka ni wangu. Niliumia sana. Hata hivyo hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa wajumbe wawili wa kuhani walikuwa wameshaingia mlangoni.

"Nani kapiga kelele?"

Awo Dedei aliketi taratibu, akainamisha kichwa. Mama yule hajawahi kutozwa faini maishani mwake, na kila mwaka yeye ndiye hutusomea sheria. Okai akanyoosha mkono.

Mjumbe alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Tumesikia sauti ya mwanamke."

Okai akatafuna bila haraka, akameza, akajifuta midomo.

"Nilikuwa na kenkey mdomoni," alisema.

Wajumbe wakaandamana naye hadi nje kupanga habari za kondoo. Aliporudi, Awo Dedei aliinuka. Aliingia jikoni, akatoka na samaki wa kukaanga aliye mkubwa kuliko wote, akampakatisha.