Kura Iliyopigwa kwa Glavu

Katika karakana ya nondo hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake. Chuma chekundu kilipiga kelele mashineni tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo watu walizungumza kwa mikono: kiganja chini, shusha; ngumi, simama; vidole viwili shingoni, nyapara anakuja. Shangazi yangu aliendesha kreni iliyopita juu ya haya yote, na kwa miaka kumi na minne alikuwa ameisoma mikono hiyo kutoka kwenye kibanda chake cha vioo. Wenzake walimwita Mwewe. Baba yangu, mdogo wake, alifanya kazi chini yake, kwenye mashine ya tatu.

Mwaka ule nondo moja iliruka ikiwa bado nyekundu, ikamkata fundi mmoja mguu chini ya goti. Chama cha wafanyakazi kilidai uzio kando ya mashine, na zamu ya saa nane badala ya kumi na mbili. Kampuni ilijibu barua ya kwanza kwa kusema imeipokea. Ya pili haikujibiwa. Ukabaki mgomo.

Mgomo uliotangulia ulivunjika kwa sababu nusu ya watu walibaki ndani, na waliotoka walikuta majina yao yamebandikwa getini, wamefukuzwa. Safari hii kamati iliamua kwamba bila theluthi mbili hakuna kugoma. Karakana ilikuwa na watu tisini. Zilihitajika kura sitini. Lakini kila mkutano wa kupiga kura, nyapara alipata habari kabla watu hawajakaa. Ndipo Katibu wa chama, fundi umeme mwenye maneno mengi, akapendekeza kura ipigwe kazini, mchana kweupe, na Shangazi ahesabu kutoka juu.

"King'ora cha saa nne kikilia," akasema, "anayekubali apanguse jasho."

"Jasho? Kwenye joto lile?" Shangazi akamuuliza. "Hata nyapara atapiga kura, tena mara mbili."

Kamati ikacheka. Wakakubaliana glavu ya kulia ivuliwe na kubanwa kwapani hadi king'ora kinyamaze.

Siku ilipofika, Shangazi alisimamisha kreni akahesabu mara mbili. Hamsini na mbili. Alimjua kila mtu kwa mabega yake. Kwenye mashine ya tatu baba alikuwa amevaa glavu zote mbili, akitazama sakafu.

Jioni Katibu alimfuata hadi kwenye bomba la kunawia.

"Ngapi, dada?"

"Hamsini na mbili."

Katibu alinawa uso polepole. "Pungufu ya nane tu. Ukisema sitini, nani atakupinga? Wewe peke yako ndiye uliyeona."

"Ndiyo maana siwezi."

"Basi tutajie waliokataa. Tukawasemeshe kwa upole."

"Upole wako naujua. Nilikubali kuhesabu watu. Kuwataja sikukubali."

Wiki hiyo ikasemwa kwamba Mwewe amenunuliwa. Waliofunga mizigo kwenye ndoano wakaacha kumpungia mkono. Mtu aliandika kwa chaki kwenye ngazi ya kreni: BEI GANI? Shangazi aliyafuta maneno hayo kwa kitambaa, akapanda.

Nyumbani baba alivumilia siku tatu.

"Uliniona," akasema mezani.

"Niliona watu tisini."

"Dada, nisikilize. Mama watoto anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hospitali ya kiwanda. Nikigoma wanamfungia mlango."

"Sijakuuliza."

"Basi niulize!"

"Nikikuuliza wewe, itabidi niwaulize wote thelathini na nane. Kula, chakula kinapoa."

Mama alikuwa chumba cha pili. Akaizima redio.

Jumapili alasiri kamati iliita mkutano kwa seremala mmoja. Nilikuwa likizo ya chuo, nikapewa kazi ya kuandika kumbukumbu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Walikuja kama sabini, wakakaa juu ya mbao. Katibu hakuzunguka: Mwewe ataje majina, au afukuzwe chamani.

"Ataje!"

"Aseme kwanza kala shilingi ngapi!"

Shangazi alisimama kando ya benchi la randa, mikono nyuma. "Nifukuzeni," akasema. "Ngazi mnaijua, mwingine apande. Majina sitaji."

Katibu akaomba wanaounga mkono wanyooshe mikono. Nilikuwa nimeandika neno "Azimio" baba aliposimama.

"Mmoja ni mimi. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, tunakula sahani moja, na hata mimi hajanisuta. Sasa ninyi kawauza kwa nani?"

"Kumbe mwoga ni huyu!" mtu akapaza sauti. Kicheko kilianza, kikakosa wa kukiendeleza.

Baba akaeleza kuhusu mama na hospitali. Akasimama mfungaji mizigo mmoja: wanawe wawili walisoma shule ya kiwanda. Wakasimama wengine, jumla tisa. Nikaandika sababu zao. Katibu alikuja kusoma karatasi juu ya bega langu.

"Hospitali, watu watano?" akauliza. "Mbona hatukuwahi kuuliza jambo hili?"

Azimio halikusomwa tena. Wala hakuna aliyemwomba Shangazi radhi. Mkutano ulihamia kwenye swali la nani anamjua nani katika hospitali ya serikali.

Wiki saba baadaye kura ilirudiwa, zikapatikana sitini na sita. Mgomo ulichukua siku kumi na tisa. Uzio ulijengwa; zamu ilishuka hadi saa kumi, si nane.

Siku ya pili ya mgomo hospitali ya kiwanda ilimfungia mama mlango, kama baba alivyosema. Tulimpeleka ya serikali kwa pikapu ya seremala, alfajiri. Foleni ilikuwa imefika nje. Kwenye benchi la mbele alikaa Katibu, magoti kayatanua ili nafasi ya pili isichukuliwe.

"Kaa, shemeji," akamwambia mama, kisha akamgeukia baba. "Wewe simama, una miguu."

Baba akasimama. Shangazi akamfunika mama mabega kwa khanga yake.

"Wanafungua saa ngapi?" mama akauliza.

"Saa mbili," Katibu akasema. "Bado kidogo."