Madabodi Aliyoichagua Shadia

Wivu ulimshika Winfrida pabaya, kwenye kazi anayoijua. Kama mumewe Feliksi angekuwa anakwenda Gungu kufuata mapenzi, angejua la kufanya. Mwanamke yeyote wa Mwanga angejua. Lakini Feliksi alikwenda huko kwa fundi Shadia kuuliza habari za kompyuta, akarudi anachekacheka, na wivu wa namna hiyo hata kumsimulia shoga yako ni aibu.

Studio yao ya video za harusi, jirani na soko la Mwanga, waliianzisha wawili. Kompyuta ya kwanza waliiunda pamoja, yeye akisoma maelezo, Feliksi akishika bisibisi. Sasa mashine ile imechoka, inakwama kila ikipewa video nzito, na Feliksi anataka mpya yenye nguvu. Akamuuliza nani? Shadia. Shadia kasema tuchukue kumbukumbu za kisasa, RAM za DDR5. Shadia kasema tusidanganywe na madabodi za bei chee, maana ndio ubao unaobeba vifaa vyote. Migebuka ya kukaanga ilipoa mezani, maneno ya Feliksi bado yako kwa Shadia.

"Na mimi mbona huniulizi?" Winfrida alisema.

"Wewe pumzika, mke wangu. Mambo haya siku hizi yamebadilika."

Pumzika! Yaani amestaafishwa, na hata hakuagwa.

RAM zilikuwa zimeshanunuliwa, zimo kabatini. Ilibaki madabodi, na kuagiza Dar es Salaam ilikuwa bado kazi ya Winfrida. Alijua vizuri kwamba RAM za DDR5 haziingii kwenye madabodi ya DDR4 hata uzibembeleze vipi. Mkato wake uko mahali pengine. Kwa hiyo alipompigia muuzaji, alitaja madabodi ileile aliyoichagua Shadia, ila toleo lake la DDR4. Jina ni lilelile, boksi ni lilelile. Alipokata simu alijisikia vizuri kama mtu aliyekunywa maji ya baridi.

Mzigo ulifika kwa basi, na Shadia akaja na vifaa vyake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Winfrida aliitikia kwa shingo upande.

Shadia akachukua RAM, akaipachika. Ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Akainama kusoma maandishi madogo kwenye madabodi. Moyo wa Winfrida ulikuwa unapiga vigelegele. Alingoja Feliksi alipuke, maana kwa kulipuka anamjua. Harusi ya watu wa Katonga inasubiri video yake, na mpaka madabodi irudi Dar na kuja nyingine, maharusi watakuwa wanabatiza mtoto.

Shadia akainua uso, akamtazama Winfrida. Alikuwa amejua, na Winfrida akaona kwamba amejua.

"Kosa ni langu, kaka Feliksi," Shadia akasema. "Nilikupa jina la madabodi, toleo sikulitaja. Naomba unisamehe."

Feliksi akashusha pumzi. "Usijali, Shadia," akasema kwa upole. "Nani asiyekosea? Tutaagiza nyingine. Wenye harusi nitaongea nao mimi. Kaa kwanza unywe chai." Kisha akageuka. "Winfrida, hebu tuletee chai."

Winfrida akaingia chumba cha nyuma penye chupa ya chai. Mwaka jana alifuta kwa bahati mbaya picha za ubatizo wa watu, na Feliksi alimfokea mbele ya wateja mpaka fundi cherehani wa jirani akaja kuamulia. Hakuambiwa usijali. Hakuna aliyemwambia kaa unywe chai. Alilia, akafuta machozi, akamsamehe, kwa sababu miaka yote alijipa moyo kwamba mumewe ndivyo alivyoumbwa, hana sauti ya upole.

Kumbe anayo.