Mlango Uliofungwa kwa Nje

Akiwa mahabusu, Sabriya aliletewa mulukhiya, mchuzi mzito wa mlenda, na mkate wa moto, na hapo ndipo shaka ilipomwingia. Katika utumishi wake wote kwa Bi Inshirah, hakuwahi kuonja mulukhiya kabla wenye nyumba hawajashiba.

"Kula, mwanangu," alisema Bi Inshirah. Mumewe, Haji Abdelmawgud, alikuwa amezikwa jana, kichwa kimepasuliwa kwa mchi wa shaba wa jikoni.

"Bi mkubwa, mimi sikumuua Haji."

"Nani kasema umeua? Ulikuwa umelala. Mkono ulikwenda wenyewe."

Ustadh Ramzi, wakili wa familia, akasogeza kiti. "Jengo zima linajua unatembea usingizini. Si wewe uliyekutwa ngazini na beseni la nguo, macho wazi, humjui mtu? Aliyelala haandikiwi kosa, kalamu imeinuliwa juu yake mpaka aamke. Dini imesema, sheria imesema. Kiri tu, utarudi kwa mama yako."

Hazem, mtoto wa pekee wa nyumba, alisimama mlangoni bila kuingia. Kiganja chake kilikuwa na bendeji. Alipoona Sabriya anakitazama, akakitia mfukoni.

"Lakini bi mkubwa, tangu siku ile ya beseni unanifungia chumbani kwa nje. Ufunguo unalala nao kifuani. Asubuhi ile ni wewe uliyenifungulia."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Inshirah alimega mkate, akauchovya, akamlisha Sabriya kwa mkono wake mwenyewe.

"Ufunguo usiutaje kabisa. Ukiutaja watasema una akili zako timamu, na mwenye akili timamu hunyongwa. Mimi niliyekulea, nikufanyie ubaya?"

Sabriya alimeza. Aliitazama mikono yake, akaiogopa. Labda kweli ilikwenda yenyewe. Tangu utotoni aliambiwa kwamba usiku hajimiliki. Akakiri.

Mahakamani walimtia ndani ya kizimba cha chuma. Daktari wa serikali alisema amemlaza hospitali kumchunguza, na binti amelala fofofo bila hata kugeuka. Hakimu akamgeukia Bi Inshirah.

"Uliwahi kumwona akitembea usingizini?"

"Wallahi, sijawahi, mheshimiwa."

Ustadh Ramzi alikuwa ameinamia viatu vyake. Sabriya akashika vyuma. "Bi mkubwa! Na ufunguo? Mheshimiwa, mlango ulifungwa kwa nje!"

"Mbona kwenye maelezo yako hukuutaja?" Hakimu hakungoja jibu. Hukumu ikapangiwa siku nyingine, na Hazem akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Jioni, askari jela wa kike alimrudisha Sabriya chumbani kwake, akafunga na kuchomoa ufunguo.

"Dada, umefunga kweli? Hebu tikisa."

Askari akatikisa, akacheka. "Unaogopa wezi humu?"

"Tikisa tena," alisema Sabriya. "Mtu akifa usiku huu, dada, uje useme kwamba ulinifungia kwa nje."

"Lala wewe," alijibu askari, akaenda zake na funguo zake.